Niulizeni Mwenyewe

Nilizaliwa Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay, na sasa naishi na kufanya kazi mjini Migori. Nina mtindio wa ubongo. Miguu yangu haibebi mwili sawasawa, mkono wa kushoto umejikunja, na maneno hunitoka polepole, hivyo asiyenizoea hana budi kutega sikio. Ninaelewa kila ninachoambiwa. Nalitanguliza hili kwa sababu dhiki nyingi nilizopitia zilianza pale mtu aliponitazama, kisha akageuka kumuuliza mwingine habari zangu.

Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya vijana wenzangu wenye ulemavu wa Homa Bay na Migori, na kwa ajili ya wazazi wetu. Kenya ina sheria nzuri zinazotuhusu. Maisha yamenifundisha kwamba sheria hizo hazimfikii mtu ambaye hajahesabiwa, na hazimfai sana aliyehesabiwa kisha akanyamaza.

Uchungu wa mama ulianza jioni, msimu wa masika, na barabara ya kutoka kijijini ilikuwa tope tupu. Hadi kufika kituo cha afya saa nyingi zilikuwa zimepita, nami nikazaliwa nimekosa hewa. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazojulikana za mtindio wa ubongo: mtoto akikosa oksijeni wakati wa kuzaliwa, sehemu ya ubongo inayoongoza misuli huumia. Hakuna aliyemweleza mama hivyo. Umri wa kuketi ulipofika, sikuketi. Wenzangu walipokuwa wakikimbia, mimi nilikuwa natambaa. Majirani wakasema ni chira, laana inayomwandama aliyevunja mwiko, wakaanza kuutafuta huo mwiko. Wako waliodai kwamba mama alipanda mahindi kabla ya mama mkwe wake kupanda, jambo ambalo mila ya Kijaluo hairuhusu. Miaka mingi mama alibeba lawama hiyo, na mimi mgongoni.

Elimu ya msingi bila malipo ilianza mwaka 2003, na watoto wa rika langu wakaenda shule wakiwa kundi zima. Mama alinifunga mgongoni kwa leso, nikiwa tayari mkubwa, miguu ikining'inia, akanipeleka kuandikishwa. Mwalimu aliyetupokea akamuuliza, "Huyu anaweza kushika kalamu?"

Mama akamjibu, "Muulize mwenyewe, ana masikio."

Mwalimu hakuniuliza. Tulirudishwa nyumbani na maneno kwamba shule haina nafasi ya mtoto kama mimi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka huo wa 2003, na kifungu chake cha 18 kilikataza shule kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu pekee ikiwa ana uwezo wa kujifunza. Mama hakuijua, na sidhani mwalimu yule aliijua. Sheria inaweza kukaa Nairobi imechapishwa vizuri, na mtoto wa Ndhiwa akarudi nyumbani mgongoni kwa mamake.

Aliyetufungulia mlango ni mwalimu wa kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum. Vituo vya namna hiyo viko nchini tangu mwaka 1984, lakini mama alikisikia cha kwetu kanisani, kwa bahati tu. Mwalimu yule aliniweka kitini, akaniuliza jina langu, kisha akasubiri. Nilichukua muda mrefu kulitamka. Hakumtazama mama hata mara moja. Alinipa penseli, akaona nimeishika kwa mkono wa kulia, akaandika barua ya kwenda shule nyingine. Ndivyo nilivyoanza darasa la kwanza nikiwa na umri wa miaka 10.

Kuna jambo ambalo ningependa kila mwalimu mkuu na kila mjumbe wa bodi ya shule alijue, nalo ni choo. Choo chetu kilikuwa cha shimo, tundu katikati ya sakafu ya saruji. Mimi siwezi kuchuchumaa. Ilinibidi nijiegemeze ukutani kwa mkono mmoja, nishike nguo kwa mkono usio na nguvu, na sakafu ilikuwa majimaji tangu asubuhi. Nilianguka humo. Baada ya hapo nikaacha kunywa chai nyumbani, na saa nne wenzangu walipopanga foleni ya uji, mimi nilibaki darasani nikijifanya nasoma. Nilisoma shule ya msingi yote nikiwa na kiu. Nilipovunja ungo, zikaja siku ambazo sikwenda shule kabisa. Rejista iliandika kwamba nimekosa. Haikuandika kwa nini.

Nilifanya mtihani wa darasa la nane nikapewa dakika za ziada, kama Baraza la Mitihani linavyoruhusu kwa watahiniwa wenye ulemavu, nikapita. Ila shule ya sekondari niliyoitwa ilikuwa na ngazi kila upande, na pesa za miwa za baba zilikuwa hazijalipwa. Nikarudi kuketi nyumbani.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyokuwa migumu kupita yote. Dada yangu alipopata mchumba, wakaja wageni wa ayie, ule ujio wa kwanza wa upande wa mwanamume kwa wazazi wa msichana. Baba aliamuru nikae chumba cha nyuma mpaka waondoke. Aliogopa wakiniona watasema ukoo wetu una kasoro, na posa ivunjike. Nilisikia vicheko, nikasikia sahani, nikasikia baba akitaja watoto wake mmoja mmoja kwa majina. Langu halikutajwa. Baada ya siku ile sikuhitaji tena kuamriwa. Mgeni akibisha hodi, nilikuwa naingia ndani mwenyewe.

Sheria ile ya 2003 ilikuwa na kifungu kuhusu hilo pia. Kifungu cha 45 kilifanya kuwa kosa kwa mzazi, mlezi au jamaa kumficha mtu mwenye ulemavu hata akakosa huduma anazostahili. Nilipokisoma baadaye nililia, kisha nikawaza sana. Kumshtaki baba kungenisaidia nini? Wahenga walisema mficha uchi hazai, na ni kweli kuficha kulituumiza sote. Lakini mzazi anayemficha mtoto mara nyingi hajawahi kuambiwa chanzo cha ulemavu, hajapewa kiti cha magurudumu, na kila jioni anasikia majirani wakitaja chira. Anayetaka mlango wa nyumba kama yetu ufunguliwe na aje na maarifa na msaada pamoja na hiyo sheria.

Mlango wetu ulifunguliwa na sensa. Usiku wa kuhesabu watu ulikuwa wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019. Siku chache baadaye karani wa sensa alifika bomani na kishikwambi mkononi, maana hiyo ilikuwa sensa ya kwanza Kenya kufanywa bila karatasi. Alikuwa kijana wa lokesheni yetu. Mimi, kama kawaida, nilikuwa ndani. Nikamsikia akiuliza kama humu nyumbani kuna mtu mwenye ugumu wa kuona. Baba akasema hakuna. Wa kusikia? Hakuna. Wa kutembea au kupanda ngazi?

"Hakuna," baba akasema.

Sijui nguvu zilitoka wapi. Nilijikokota hadi mlangoni, nikashika mwimo, nikasema, "Niko mimi. Siwezi kutembea bila kushikilia kitu."

Mama aliacha kupepeta mtama. Karani alimtazama baba, kisha akafanya jambo ambalo nitamshukuru kwalo daima: akageuza kiti chake kunielekea, akaanza maswali upya kutoka lile la kwanza. "Dada, una ugumu wa kuona, hata ukivaa miwani?" Nikajibu sina. Akaja kwenye kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuzungumza na kueleweka. Kila nilipokubali, akauliza ugumu huo ni kiasi gani: ni kidogo, ni mwingi, au siwezi kabisa? Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kiasi gani. Ilinibidi nifikiri kabla ya kujibu, na yeye akasubiri.

Jioni ile baba aliniambia, "Nilidhani nakukinga, mwanangu." Hatukusema zaidi. Lakini tangu siku hiyo, wageni wakija, naketi sebuleni.

Matokeo yalipotoka, asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi walikuwa wamehesabiwa kuwa na ulemavu, watu wapatao 917,000. Homa Bay ilikuwa na asilimia 4.3, mojawapo ya viwango vya juu kabisa nchini. Mimi nimo katika hesabu hiyo, na nusura nisiwemo kwa neno moja tu la baba. Nawaza ni nyumba ngapi kutoka Mbita hadi Isebania ambako neno lile lile lilitamkwa na hakuna aliyetokea mlangoni. Serikali hupanga madaktari, walimu na vifaa kwa takwimu hizo. Kijana aliyeachwa nje ya hesabu hapangiwi kitu.

Karani yule ndiye aliyenieleza habari za kadi ya ulemavu. Sikuwa nimewahi kuisikia. Unachunguzwa na jopo la madaktari katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa, ripoti inatiwa saini na mihuri, kisha Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu linakuandikisha. Kuyasema ni rahisi. Kutoka kwetu mpaka mjini Homa Bay nilihitaji boda boda hadi Rodi Kopany, mama akiwa nyuma yangu amenikumbatia nisidondoke, kisha matatu, na si kila matatu inakubali kusimama kungoja mtu anayepanda polepole. Ukifika, aliyetakiwa kutia saini huenda yuko mkutanoni. Kisha ikaja korona mwaka 2020, safari zikakatika, na karatasi zangu zikakaa. Mama aliuza mbuzi, akauza kuku, akanirudisha tena. Kadi ilipopatikana aliishika kwa mikono miwili akasoma jina langu kwa sauti.

Kwa asiyejua, kadi hiyo ndiyo ufunguo wa karibu kila kitu. Kwayo unaomba vifaa vya kujisaidia kutoka Hazina ya Kitaifa ya Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu, msaada wa karo, na vifaa vya kufanyia kazi. Aliyeajiriwa anaweza kuomba msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi. Familia yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kutunzwa muda wote inaweza kuingizwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii na kupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Mimi niliomba karo. Nikaingia chuo cha ufundi kusomea kompyuta, na huko nikagundua kwamba herufi haziulizi mkono uliozipiga. Napiga chapa kwa mkono mmoja, bila kutazama.

Leo nina saiba ndogo mjini Migori, karibu na stendi. Watu huja kutafuta vyeti vya polisi, leseni, cheti cha kuzaliwa. Siku hizi maombi ya kadi ya ulemavu nayo huanzia kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen, na hayo nayajaza bila kutoza. Huja mzazi na mwanawe, nami huwa na taratibu moja: namsemesha mtoto kwanza. Kama hasemi kwa mdomo, namtazama anajibu vipi, kwa macho au kwa mkono. Ndipo namgeukia mzazi.

Kazi hiyo ilinikutanisha na wenzangu. Tuna kikundi cha vijana kinachokutana Rongo, kwa kuwa wa Homa Bay na wa Migori hufika hapo kwa urahisi. Yumo fundi viatu wa Awendo aliyepoteza mguu kwa ajali ya boda boda. Yumo dada mwenye ualbino kutoka Isebania, kijana asiyeona kutoka Kendu Bay, na kijana kiziwi kutoka Uriri ambaye ametufundisha sote Lugha ya Ishara ya Kenya, kila mmoja kwa kadiri vidole vyake vinavyoweza. Tulianza kama chama cha kuweka akiba. Kisha tukasajili biashara ya vifaa vya ofisi ili tuingie katika asilimia 30 ya zabuni za serikali zilizotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Na kila tukikutana tunasoma Katiba.

Ibara ya 54 tunaijua kwa moyo. Inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa na kuitwa kwa heshima, kupata elimu, kufika mahali popote pa umma, kupanda vyombo vya usafiri, kutumia lugha ya ishara na Breli, na kupata vifaa vya kuondoa vikwazo vya ulemavu wake. Inataka pia, hatua kwa hatua, angalau asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa ziwe zetu. Na Migori si wageni wa jambo hili. Dennitah Ghati alichaguliwa mwakilishi wa wanawake wa kaunti hii mwaka 2013, akapata ajali ya barabarani akiwa katika kazi hiyo, na akaendelea kuitumikia nchi akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka 2017 aliteuliwa bungeni, akawa sauti ya watu wenye ulemavu. Wasichana wengi wa huku walimwona kwenye televisheni kabla ya kuisikia hiyo Ibara ya 54.

Kusoma kulitupeleka kwenye kikao cha maoni ya bajeti. Sitaitaja kaunti wala ukumbi. Ukumbi wenyewe ulikuwa ghorofani. Wanaume wawili walijitolea kutubeba mmoja mmoja, nao walifanya kwa wema, lakini mtu mzima anayekuja kutoa maoni kuhusu kodi yake hapaswi kufika amebebwa kama gunia. Tulikataa. Tukakaa chini ya ngazi, tukaomba waandalizi washuke. Afisa mmoja akashuka, akamuuliza fundi viatu aliyesimama kando yangu, "Huyu dada anataka nini?"

"Niulize mwenyewe," nikasema. Nikarudia, maana mara ya kwanza hakunielewa. Alipoinama kunisikiliza nikamwambia kwamba Katiba, Ibara ya 196, inalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma, na sisi ni umma. Kikao kikahamia uwanjani, chini ya mti. Mkalimani wa ishara hakuwepo, kwa hiyo mwenzetu mmoja alimtafsiria kijana wa Uriri kadiri alivyoweza.

Hapo nilielewa jambo ambalo vijana wengi hawajaambiwa. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia vyoo vya shule za msingi, lakini hizo ni za serikali ya kitaifa. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na hospitali za kaunti, masoko na barabara za kaunti. Ukimdai gavana kitu kilicho mikononi mwa waziri, utapigwa danadana mpaka uchoke. Basi nikasema habari za choo cha zahanati na cha soko: mlango mpana, kiti cha kukalia, chuma cha kushika ukutani, sakafu isiyotuamisha maji. Nikaeleza vipimo. Nikaeleza na kiu yangu ya shuleni, yote, mbele ya watu nisiowajua. Wanawake kadhaa walifuta machozi, lakini mimi nilitaka iandikwe. Iliandikwa. Katika makadirio yaliyofuata kulikuwa na choo kimoja cha zahanati chenye vipimo hivyo. Tulikuwa tumeomba zaidi ya hapo. Kimejengwa, nami nimekiingia, nikafunga mlango mwenyewe.

Mwezi Mei 2025 Rais William Ruto alitia saini Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Mswada wake uliletwa na Crystal Asige, seneta mteule ambaye mwenyewe ana ulemavu wa macho. Sheria hii inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi za kazi kwa watu wenye ulemavu. Nimefurahi sana kuiona. Ninakumbuka pia kwamba ile ya zamani nayo ilikuwa na asilimia 5 zake, na iliyapa majengo ya umma miaka mitano kujirekebisha, ilhali mimi nimebaki chini ya ngazi juzi tu. Sheria mpya itatufaa kwa kadiri tutakavyoidai kwa jina la kifungu, mbele ya ofisi inayohusika, kabla bajeti haijafungwa.

Kwa wazazi nasema: mwandikisheni mtoto sasa, mkiwa na nguvu za kumbeba. Akija mtu na maswali, mwacheni mtoto ajibu, hata kama atachukua muda. Kwa vijana wenzangu nasema: tafuteni kadi, kisha tafuteni wenzenu, kisha msikose vikao. Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, kwa hiyo anayeamka mwezi Juni amechelewa. Mipango ya maendeleo ya kaunti zetu inayotumika sasa ni ya 2023 hadi 2027. Mingine ya miaka mitano itaandikwa baada ya uchaguzi wa 2027, na chekechea, zahanati na masoko yatakayojengwa miaka hiyo yatatoka humo. Kikundi chetu kimeanza kukusanya vipimo vya milango na vyoo, wadi kwa wadi, Homa Bay na Migori. Anayetaka kutusaidia aanze na zahanati iliyo karibu naye: apime mlango, ahesabu ngazi, amuulize kijana mwenye ulemavu wa hapo jinsi anavyoingia, na aandike jibu lake kama alivyolisema.